Mto wa Kiti Ulioruka Barabarani

Asubuhi ile mimi na mjomba tulilikagua trela lililobeba boti mpaka tukaridhika. Kichwa chake kimekaa sawasawa kwenye tufe la chuma la kuvutia nyuma ya gari, minyororo miwili ya usalama imepishana chini yake, taa za breki zinawaka, injini ya boti imeinuliwa na kufungwa. Mikanda ya nyuma niliikaza mwenyewe hadi ikawa inalia ukiipiga kwa kidole.

Mito ya viti hatukuishughulikia. Ilikuwa saba, imebanwa kwa vifungo vya chuma vya kubonyeza. Nilivuta mmoja, nikaona umeshika, basi. Turubai la kufunikia boti tulikuwa nalo, ila tuliliacha limekunjwa garini kwa kuwa safari ilikuwa ya saa mbili tu. Hilo linaniuma hadi leo.

Tuliingia barabara kuu, mjomba akafikisha kilomita 90 kwa saa. Lori refu likatupita, upepo wake ukaliyumbisha trela kidogo, na kwenye kioo cha pembeni nikaona kitu cheupe kikisimama ndani ya boti. Kilisimama wima, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Kisha hakikuwapo.

"Mjomba, mto umeruka!"

Nyuma yetu kulikuwa na pikipiki. Mto ulitua mbele yake, ukadunda, ukalala ubavu katikati ya njia. Mwendeshaji aliilaza pikipiki upande, akapenya kati ya mto na ukingo wa lami. Sikupumua mpaka nilipoona gurudumu lake la mbele limenyooka tena.

Mjomba aliwasha hazadi, akapunguza mwendo taratibu, tukasimama nje kabisa ya barabara. Yule kijana naye akasimama, akavua helmeti. Uso ulikuwa umemlowa jasho.

"Shikamoo, mzee," alisema. Akanyamaza kidogo. "Nilidhani ni mtoto ameanguka."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Kosa ni letu."

Magari yalikuwa yameshausukuma mto hadi majanini. Niliuokota, nikaugeuza. Nilitarajia kuona kifungo kimefunguka, kumbe sivyo. Kitambaa ndicho kilichoraruka: pale palipokuwa na kifungo pamebaki tundu la duara, nyuzi zimechomoza pembeni. Ndani ya boti nikakikuta kifungo bado kimeng'ang'ania mahali pake, kimeshikilia kipande cha kitambaa ukubwa wa ukucha. Ningeivuta mito yote saba kwa mkono asubuhi ile, yote ingeshika.

Usiku nilipiga hesabu. Mto ule ulikuwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa 50, uzito wake kama kilo 2. Ukishainuka na kuukabili upepo wa kilomita 90 kwa saa, unasukumwa kwa nguvu ya takribani kilo 11. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Sponji nyepesi haina kitu cha kuibakiza chini. Upepo unaopita juu ya kioo cha boti unajizungusha nyuma yake, unaingia chini ya ukingo wa mto, unauinua kidogo kidogo, na lori likipita kazi imekwisha.

Tukiwa palepale kando ya barabara nilipendekeza tupitishe kamba za mpira juu ya mito iliyobaki. Mjomba akakataa. Alisema kamba ya mpira inanyumbuka, na inachoruhusu kuinuka kidogo, upepo utakimaliza. Alikuwa sahihi. Akapanda trela, akaing'oa mito yote, kifungo kimoja baada ya kingine, akinipa mkononi bila kusema neno.

Kiti cha nyuma kilijaa mpaka dirishani. Ule ulioraruka haukupata nafasi, nikaupakata. Kijana alikuwa bado amesimama kando ya pikipiki yake akituangalia. Mjomba alimsubiri avae helmeti na kutangulia, ndipo akawasha gari.