Mlinzi kaacha dirisha wazi
Jana nimeduwaa kazini. Kuna programu tunayotaka kuitumia kusimamia nani anaingia wapi: nywila na akaunti za wasimamizi, zote humo. Nilikuwa naikagua kabla ya kuisambaza (kibali cha maandishi ninacho, msinianze).

Kwenye Windows, huduma yake inaendeshwa na akaunti ya SYSTEM, yenye nguvu kuliko hata msimamizi. Sawa. Ila kila inapowaka inapakia faili moja la DLL (faili la msimbo ambalo programu hulipakia na kuliendesha) kutoka folda iliyo ndani ya ProgramData, folda ya Windows ya data za programu. Nikaandika icacls kuangalia ruhusa za folda hiyo. Users, yaani watumiaji wa kawaida: kuandika ruksa! Nikarudia amri, nikidhani macho yananidanganya.

Nikaingia kwa akaunti ya kawaida kabisa, nikaweka DLL yangu isiyo na madhara, kazi yake kuandika tu jina la akaunti inayoiendesha. Nikawasha kompyuta upya. Jibu: nt authority\system, yaani SYSTEM yenyewe.

Na msiniambie "lazima mtu awe ndani kwanza". Barua pepe moja ya ulaghai inatosha kumwingiza, halafu programu iliyonunuliwa kumzuia ndiyo inampa mashine nzima. Wala si ajabu: hitilafu ya sudo (programu ya Linux ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) iliyotangazwa 2021, namba yake CVE-2021-3156, ilikuwa imelala humo tangu 2011.

Watengenezaji nimewaandikia, wamekiri. Kwa sasa tumewanyang'anya Users ruhusa ya kuandika kwenye ile folda. Jina la programu msiniulize hadi kiraka kitoke.