Tulipogeuza Chombo Njia ya Wete

Tangu Spice Islander izame Septemba 2011 kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, shangazi yangu aliapa hapandi meli tena. Januari 2013 mjukuu wa dada yake akaozwa Wete, huko Pemba. Njia ya watu wengi ilikuwa basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha meli hadi Pemba, yaani bahari ile ile aliyoiapia. Akasema tutavuka kutoka hapa hapa Tanga kwa mashua. Ukimwambia mashua ni ndogo kuliko meli, hakusikii. Hoja yake ilikuwa kwamba nahodha anamjua, mkewe wamesoma chuo kimoja utotoni, na wanaojaza vyombo kupita kiasi ni watu wasiojulikana kwao. Mimi nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo nikawa mbeba mabegi.

Usiku wa kuamkia safari tulipita kwa nahodha, mtaa wa Sahare, kumpa nauli. Tulimkuta sebuleni anatazama taarifa ya habari, na ilipofika hali ya hewa akainua mkono tunyamaze. Kaskazi, yaani upepo wa msimu utokao kaskazini, ya kilomita 30 kwa saa, mawimbi ya mita moja na nusu. Shangazi akashusha pumzi, kwamba si mbaya. Nahodha hakusema kitu. Alichukua simu akampigia mtu wa Wete.

Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu maswali yake hayakuwa yale niliyoyategemea. Hakuuliza bahari ikoje. Ukiuliza hivyo mtu wa Pwani atakujibu shwari, alhamdulillahi, hata kama paa limeng'oka. Aliuliza: leo nani katoka huko kuja Tanga? Alitoka saa ngapi? Wavuvi wa nje wamelala baharini au wamekimbilia ndani? Alipokata simu akatuambia, "Walitoka wawili, wamefika salama, lakini wamelowa. Kesho tutatoka alfajiri. Ila Bi Mkubwa nikwambie mapema: nikipita Ulenge natazama. Saa mbili na nusu natazama tena. Nikisema turudi, tunarudi."

"Inshallah hutasema," shangazi akamjibu.

Tulipakia kabla ya adhana ya alfajiri. Mizigo mizito ilikuwa magunia ya vitunguu vya Lushoto, yakapangwa chini kabisa katikati ya chombo, na juu yake mabegi yetu, mikeka na sufuria za harusi zilizofungwa kwa khanga. Abiria tulikuwa wachache. Kulikuwa na umande, upepo ule mwepesi wa nchi kavu unaotoka bara usiku na kusukuma vyombo nje, na maji ya ufukweni yalikuwa yametulia kabisa. Shangazi alifurahi. Akasema hata mtoto angevuka.

Hapo ndipo pwani inapodanganya watu. Kaskazi inapovuma, usiku umande unatoka nchi kavu na kukutana nayo, hizo mbili zinapunguzana nguvu karibu na ufukwe, na mtu aliyesimama Sahare anaona bahari imelala. Kumbe nje kaskazi iko pale pale. Jua likishapanda nchi kavu inapata joto, upepo wa baharini unaanza kuingia, safari hii ukiiunga mkono kaskazi. Ndiyo maana upepo wa saa mbili asubuhi si upepo wa saa saba mchana, na anayepanga safari kwa kutazama maji ya alfajiri anapanga safari ya siku nyingine.

Kulikuwa kumeshakucha tulipofika Ulenge, kisiwa cha mdomoni mwa ghuba, chenye mnara wa taa. Nahodha akapunguza mashine, akasimama tezi, yaani nyuma ya chombo, akatazama nje muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, una saa? Unajua kuandika?" Nikamwambia ninayo, na kuandika ndiyo kazi pekee niliyoifanya miaka kumi na moja. Akanirushia daftari la shule lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kalamu imefungwa kwa kamba.

Kila nusu saa niandike mambo manne. Upepo unatoka wapi. Povu kiasi gani, yaani vichwa vyeupe vya mawimbi: hakuna, moja moja, hapa na pale, au kila upande. Ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, imekumbwa mara ngapi. La nne ndilo lililonifurahisha. Akanigeuza nitazame nyuma, magharibi, ambako milima ya Usambara ilikuwa imesimama ya buluu, akanionyesha pengo kati ya vilele viwili. Mnara wa Ulenge ulikuwa umekaa sawasawa chini ya pengo lile. "Utaniambia mnara umekaa wapi," akasema. "Ukihamia kushoto kwa pengo, si mnara unaotembea. Ni sisi."

Nikamwuliza kwa nini asitazame mwenyewe. Akasema yeye jicho lake limezoea. Bahari ikiharibika kwa ghafla kila mtu anaona. Ikiharibika kidogo kidogo, kila dakika inafanana na iliyopita, na unakuja kushtuka umeshaingia. Aliyeandika ana cha kulinganisha.

Kupita Ulenge rangi ya maji hubadilika mara moja, kutoka kijani kwenda buluu nzito. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa, una kina cha zaidi ya mita 800, na maji yake hayatulii. Mwaka mzima yanasukumwa kaskazini na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kasi zaidi wakati wa kusi, upepo wa kusini, polepole zaidi wakati wa kaskazi. Watu husema kusi ndiyo mbaya, na kwa nguvu ya upepo ni kweli. Lakini kusi inakwenda na maji. Kaskazi inavuma dhidi yake. Upepo ukigombana na maji, mawimbi yanasogeleana, yanakuwa mafupi na wima, na chombo kidogo hakipati nafasi ya kuteremka moja kabla hakijakutana na jingine. Wimbi refu la mita mbili mashua inalipanda kama mtu anayepanda kilima taratibu. La mita moja na nusu lililo wima linaipiga omo, yaani mbele.

Saa moja umande ulikuwa umekufa na kaskazi imechukua nafasi. Nikaandika povu moja moja. Saa moja na nusu nikaandika hapa na pale, na mnara umeshatoka chini ya pengo, umehama kushoto upana wa kidole changu nikinyoosha mkono. Nahodha akageuza omo kusini kidogo kufidia. Baharia kijana alikuwa ameanza kukumba maji kwa kopo la mafuta ya kula lililokatwa. Mpaka leo ukitaja safari ile ninachokiona ni maji ya ngama yamejaa maganda ya vitunguu, ya rangi ya zambarau, yanazunguka na kuganda mdomoni mwa kopo, na yule kijana anayang'oa kwa kidole, anakumba, anayang'oa tena. Aliniambia, bila kuinua kichwa, "Andika na haya maganda." Sikuandika.

Saa mbili mnara haukuonekana tena, kulibaki milima tu. Povu: kila upande. Ngama: haachi.

Juu hapakuwa na wingu. Jambo hili napenda kulisisitiza kwa sababu watu wa bara wakisikia bahari chafu hufikiria giza, radi na mvua. Mbingu ilikuwa safi, jua limewaka, buluu juu na buluu chini, picha ya kalenda. Nahodha alikuwa na barometa kuukuu ya shaba ndani ya sanduku lake, na mtu mmoja akamwomba aitazame. Alicheka. Akasema huku kwetu karibu na Ikweta mshale ule unapanda na kushuka mara mbili kila siku hata bahari ikiwa kama maziwa: unafika juu mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na chini mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Angeogopa kama ungeshuka saa ambayo unatakiwa kupanda. Kwa kaskazi ya kawaida hausemi lolote.

Ilipokaribia saa mbili na nusu alipunguza mashine na kusema tunarudi.

Shangazi hakukubali. Alisema ndoa ni kesho Ijumaa, sufuria ni zake, biriani itapikiwa nini? Mfanyabiashara wa vitunguu akamuunga mkono: tumeshakwenda, mbele kama nyuma. Abiria mmoja akasema hata utabiri haukutoa onyo. Nahodha hakubishana na yeyote. Aliniambia, "Mwanangu, soma."

Nikasoma kwa sauti, nimeshika mbao kwa mkono mmoja. Hakuna. Moja moja. Hapa na pale. Kila upande. Ngama mara moja, ngama mara tatu, haachi. Haikuchukua hata dakika. Nahodha akasema, "Haya ni ya saa mbili tu tangu Ulenge. Kupanda kwake mmesikia. Mbele kuna saa nne zaidi, na kaskazi haijafika kileleni. Nikivuka katikati, Pemba itakuwa karibu kuliko Tanga na hapo hata nikitaka kurudi haina maana. Hapa bado nina hiari." Mfanyabiashara akatazama magunia yake. Shangazi akajifunga ushungi vizuri na kuanza kusoma Yasini, ambayo kwake ni namna ya kukubali bila kusema ndiyo.

Kugeuza ndiko kulikotisha. Chombo kikiwa kinageuka, kwa muda mfupi kinalala ubavu mbele ya mawimbi. Nahodha alituamuru tukae chini sakafuni, hata shangazi, na laifu jaketi zifungwe mpaka kamba ya mwisho. Kisha akasubiri. Mawimbi huja kwa makundi. Yanapita makubwa kadhaa, halafu bahari inapumua. Aliyaacha makundi mawili yapite, omo ikiyatazama, na la pili lilipokwisha akaongeza mafuta na kuvuta usukani kwa nguvu moja. Wimbi moja lilitupata nusu ya njia, likamwaga maji begani kwangu, daftari nikalificha tumboni ndani ya nguo. Kisha tukawa tumeshageuka.

Kurudi kulikuwa na shida yake. Sasa kaskazi ilitupiga tezi, upande wa kulia, na mashua ilitaka kukimbia. Kila ilipoanza kuteleza mbele ya wimbi nahodha alipunguza mashine, wimbi lipite chini yetu, ndipo aongeze. Akimbiaye na wimbi, omo yake huchimba na tezi hugeuka, na habari yake huishia hapo. Tulipoiona nchi, Ulenge haikuwa mbele yetu. Ilikuwa mbali kushoto. Maji yalikuwa yametubeba kaskazini, upande wa Kwale. Nahodha hakushangaa. Aliingia karibu na pwani, palipokuwa na utulivu, akashuka taratibu hadi Sahare. Tulifika kama saa saba hivi. Watu waliokuwa wanatengeneza nyavu kivulini walituuliza tumesahau nini.

Miaka mingi baadaye, nilipofanya kazi iliyonikutanisha na watu wa hali ya hewa, ndipo nilipoelewa ile mita moja na nusu. Urefu wa mawimbi unaotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa kuliko yote, si kikomo. Katika bahari hiyo hiyo ukikaa muda wa kutosha utakutana na moja linalokaribia mara mbili yake. Utabiri ule haukukosea hata kidogo. Shangazi ndiye aliyeusikia kama dari. Nikajua pia kwamba kuhesabu povu si mambo ya kizamani: kipimo cha Beaufort cha nguvu ya upepo, cha tangu 1805, kinafanya kazi hiyo hiyo. Povu kila upande na marasharasha kuanza kurukia chomboni ni upepo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, na nahodha wangu hakuwahi kumsikia Beaufort.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo na tahadhari kwa rangi, zinazunguka kwenye simu kabla hujamaliza chai, na kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 vyombo vingi vilikuwa vimeshafungwa bandarini. Vijana wa Sahare wana programu za upepo zenye mishale ya rangi. Ninawashangaa wanapoitazama asubuhi mara moja na kuizima. Katikati ya mkondo mtandao unakata, mshale unabaki ule wa alfajiri, na hakuna aliyebeba daftari.

Nauli ilizua kesi pale pale ufukweni. Nahodha alirudisha yote isipokuwa sehemu ya petroli. Shangazi akazihesabu noti mbele yake, mara mbili, akisema petroli ya kwenda anaielewa, ya kurudi hakuiagiza. Nahodha akamwongezea elfu mbili ili yaishe. Akazipokea, akazifunga kwenye pindo la khanga, akamwuliza kesho wanatoka saa ngapi. Akamjibu kwamba hasemi mpaka apige simu Wete baada ya Isha.

Kesho yake hatukutoka, wala keshokutwa. Tulivuka kaskazi ilipolegea, kwa saa sita, chombo kikavu. Ndoa ilikuwa imeshafungwa na biriani imepikwa kwenye sufuria za kuazima. Tukala ubwabwa wa fungate.