Nimechekwa Mwaloni

Leo baada ya kipindi cha mwisho nimepanda daladala hadi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kutafuta dagaa wa wiki.

Mkononi nina kindoo cha siagi kilichoisha, nimekiosha, mfuniko wake upo.

Mama muuzaji akanitazama. "Mwanangu, mifuko ninayo." Akachomoa mmoja, ile myepesi ya kuonyesha ndani.

"Asante mama, weka humu tu."

Alivyocheka! Majirani zake wote wakageuka. "Mwanachuo na kindoo!"

(Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini hivi vifuko vya kufungashia ndivyo vimeshika zamu.)

Akanipimia makopo mawili, akaongeza na kiganja cha nyongeza. Kisha kicheko kikamwisha, akaelekeza mdomo ziwani bila kusema kitu.

Kati ya mawe, mawimbi yalikuwa yanacheza na mfuko mmoja. Unajaa, unanywea. Unajaa, unanywea. Kama kitu kinachopumua.

Nimefika geto bado nauona.

Jamani, mimi si mtu wa kampeni. Nilianza kwa ubahili tu: maharage naloweka usiku ili mtungi wa gesi wa kilo 6 udumu, maji ya kunywa nachemsha na kubeba kwenye chupa yangu. Notisi nasomea kwenye simu, ingawa macho yanalalamika.

Wenzangu wa geto, nyie mnafanyaje? Na nani anajua dawa ya kutoa harufu ya dagaa kwenye kindoo?