Kituo cha kupokea setilaiti ndogo, Wete: antena ya megahezi 437

Hatua ya tatu: antena ishapanda mlingotini, mita tatu juu ya bati.

Setilaiti ndogo za kuchunguza aurora (mianga ya angani karibu na ncha za dunia), kama ELFIN mbili za chuo kikuu cha UCLA, California, zilizofanya kazi kuanzia 2018 hadi 2022, huzunguka kwa kupita karibu na ncha za dunia, maana huko ndiko elektroni humiminika kwenye hewa ya juu ikang'aa kijani. Dunia nayo inajizungusha chini yake, kwa hiyo Pemba pia hupitiwa. Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini, huiona setilaiti ya namna hiyo karibu kila mzunguko, kama mara 15 kwa siku. Huku ni mara nne hivi, kila mpito dakika kumi au pungufu. Desibeli moja (kipimo cha nguvu ya ishara) ikipotea, inauma.

Antena ni dipoli mbili (kila moja ni mikono miwili ya waya iliyonyooka) zilizopishana msalaba, kila mkono sentimita 16.3 za waya wa shaba (kata 17, kisha punguza kidogo kidogo huku ukipima). Sentimita 17 chini yake upo wavu wa banda la kuku. Dipoli ya pili hupata mawimbi kupitia kipande cha waya kinachoyachelewesha robo wimbi, na hapo ndipo watu hukosea. Ndani ya waya mawimbi huenda polepole kuliko hewani: waya wa omu 75 wenye plastiki ngumu ukatwe sentimita 11.3, wa televisheni wenye povu kama 14. Ukikata 17, ishara itazama kila setilaiti inapojigeuza.

Kikuza mawimbi kikae juu, kwenye antena. Mita 12 za RG-58, waya mwembamba wa antena, hula zaidi ya nusu ya nguvu kabla ishara haijafika mezani. Lakini kikuza hulishwa volti 5 kupitia waya uleule, na umeme huo ukikutana na maji ya chumvi kwenye kiungio, pini ya kati huota kutu ya kijani na kulika. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya umeme, kisha uache waya uning'inie kitanzi ili maji yadondokee hapo. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse kabisa. Asidi yake hutafuna shaba.

Kwa kuwa setilaiti huja kisha huondoka, masafa ya ishara huanza kilohezi 10 juu na kuishia 10 chini, programu ya kipokezi iyafuate.

Kinachofuata ni kichujio: minara ya FM inakielemea kipokezi.