Mjomba na rimoti

Mimi ni mtu wa picha za ngumi. Nimekulia kwenye vibanda vya video kule Majengo, tumebanana kwenye mabenchi, DJ Afro akitutafsiria kwa vichekesho vyake. Kwenye picha za ngumi roho hutulia, maana steringi kwa kawaida hafi. Majuzi nimeitazama John Wick: Chapter 4, ya 2023. Dakika 169, na nyingi ni risasi tu, zinachosha. Lakini pale Keanu Reeves anapopanda zile ngazi 222 za Paris, kukaribia juu akapigwa akabiringika hadi chini, aanze upya! Mimi nakaa ghorofa ya tatu Mji wa Kale na gesi napandisha kwa bega. Nilimwonea huruma ya kweli.

Picha za kutisha nilikuwa siziwezi kabisa. Shida ilianza mpwa wangu alipokuja kukaa kwetu akingojea chuo. Huyo hupenda mashetani kama wenziwe wanavyopenda viazi karai. Usiku wa kwanza nilijifunika shuka hadi puani. Akaniambia, "Mjomba, wewe si ndiwe uliyelelewa na Bruce Lee? Waogopa mwanamke mwenye nywele ndefu?"

Iliniuma. Nikaanza kuchunguza ni kipi hasa kinachonitisha, nikagundua kwamba kuziba macho hakunisaidii kitu, ila kuziba masikio kunasaidia sana. Wanakuchezea na sauti: muziki unanyemelea, unakatika, kimya kidogo, halafu kishindo. Basi nikashika rimoti mimi. Muziki ukianza kunyemelea tu, napunguza, nasoma maandishi ya chini. Zimwi lisilo na kishindo ni mtu aliyepakwa unga. Tena tukawa tunatazama baada ya swala ya alasiri, madirisha wazi, muuza kahawa agonganisha vikombe vyake huko chini. Mpwa alilalamika namharibia, lakini nikamaliza picha tatu mfululizo. Moja nilisinzia.

Halafu akaniletea A Quiet Place: Day One, ya 2024, kwa kuwa yumo Lupita wetu. Rimoti ikawa haina kazi. Majitu ya picha hiyo yanawinda kwa kusikia, kwa hivyo watu wanakaa kimya muda mrefu, na mimi nikabaki nimepunguza sauti ya kitu kisicho na sauti. Ikabidi niongeze! Nikajikuta nabana pumzi nikisikiliza nyayo. Lupita ni mgonjwa wa saratani, mji wa New York unateketea, yeye anachotaka ni kipande cha piza huko Harlem, na paka wake kwapani. Watu wanasema haiwezekani mtu akawaza piza wakati kama huo. Mimi naona hapo ndipo ilipo nguvu ya picha nzima; mtu anayejua siku zake zimekwisha atakimbilia wapi? Yule paka ndiye aliyenitesa. Kila alipotokea nilihisi sasa atalia, watakwisha wote. Mtaani kwetu paka wamejaa vibarazani, na usiku ule mmoja alipokwaruza bati nilikaa kitako kitandani.

Ile ya kutisha ambayo naweza kukwambia niliipenda bila kulazimishwa ni Sinners ya 2025, ya Ryan Coogler. Mississippi mwaka wa 1932, Michael B. Jordan amecheza mapacha wawili, wamefungua ukumbi wa muziki, na wanyonya damu wanakuja mlangoni. Sasa hao hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Wanasimama nje, wana adabu, wanaomba. Mpwa aliona ni kanuni ya ajabu. Mimi ilinipanda baridi, kwa sababu marehemu bibi alitukanya tusiitikie tukiitwa usiku mpaka tuitwe mara ya tatu. Hapo sikugusa rimoti hata mara moja.

Tulikuwa tumefika pale pale pa mlangoni tuliposikia, "Hodi!"

Tukatazamana. Hakuna aliyeitika.

"Hodi humu ndani!"

Mpwa akanishika mkono.

"Nyinyi! Taa naiona, muko ndani, na hizi kaimati zapoa!"

"Hiyo ni ya tatu, mjomba," akaninong'oneza. "Lakini enda wewe."