Herufi Mbili Zilizochafua Ramani

Jana mwanafunzi aliniletea ramani yake ya tafiti za usimamizi wa miradi, mchoro ambao kila neno ni duara, na maneno yanayotokea pamoja yanaunganishwa kwa nyuzi. "Mwalimu, mbona hili duara la katikati limemeza mengine yote?" Nikaitazama, na mawazo yakanirudisha kwenye usiku wa ramani yangu ya kwanza.

Data niliishusha kutoka Web of Science, hazina ya taarifa za makala za kitaaluma, kwa mafungu ya rekodi 500, kwa kuwa ndicho kikomo chake ukitaka kila makala pamoja na marejeo yake. Nikayaingiza yote kwenye VOSviewer, programu ya kuchora ramani hizi, nikachagua maneno-msingi yanayotokea pamoja, kila neno liwe limetokea angalau mara 5.

Ramani ikafunguka. Hatari, ratiba, gharama, wadau: yote yalikaa nilipoyatarajia. Lakini pembeni kabisa palikuwa na kisiwa chekundu, kimeshikiliwa na nyuzi mbili tatu nyembamba. Nikazungusha gurudumu la kipanya kukisogeza karibu, lebo zikajitokeza moja baada ya nyingine: moshi wa magari, pumu, mapafu. Moyo ulinienda mbio. Niliamini nimeona tafiti za miradi zikihamia kwenye afya ya jamii! Nikafungua rekodi moja, nikasoma ikisiri hadi mstari wa tatu: PM2.5. Chembechembe chafu za hewani. Kwenye utafutaji nilikuwa nimeongeza PM, kifupi cha "project management", na herufi hizo mbili ni za wataalamu wa hewa pia.

Nikaifuta data yote. Safari ya pili nikaandika jina kamili ndani ya alama za nukuu, kifupi nikakiacha. Kisha nikatengeneza faili la visawe, maandishi matupu yenye safu mbili zilizotenganishwa kwa tabo: kushoto neno lilivyo, kulia neno la kuchukua nafasi yake. Humo unaunganisha umoja na wingi, "programme" na "program". Ukiiacha safu ya kulia tupu, neno linaondoka kabisa kwenye ramani. Hiyo ndiyo dawa ya duara la mwanafunzi wangu: neno ulilotafutia limo karibu katika kila rekodi, basi linajifunga na kila kitu bila kueleza lolote.

Ramani ikipakwa rangi kwa miaka, nazo rangi hizo zataka uangalifu. Zinaonyesha wastani wa miaka ya makala zenye neno hilo, kwa hiyo neno lililovuma zamani, likalala, kisha likafufuka, litapakwa rangi ya katikati kana kwamba halikuwahi kuyumba. Ni afadhali kuigawa data kwa vipindi na kuchora ramani ya kila kipindi.

Kuna jambo la usiku ule ambalo sijalimaliza. "Large project" na "megaproject" niziunganishe? Nikiziunganisha, nafuta alama ya wakati watafiti walipoanza kutumia jina jipya. Nikizitenga, huenda naonyesha mwelekeo mpya mahali palipobadilika jina tu. Mwanafunzi naye alifika hapohapo. Nikamwambia achore ramani zote mbili, aziweke sambamba, kisha asome makala zenyewe.