Jinsi nilivyowazoesha wanangu na paka wetu

Kidoti yumo nyumbani kwetu hapa Tanga tangu kabla wanangu hawajazaliwa. Alikuwa analala popote apendapo. Yule mdogo alipoanza kutambaa, mambo yakageuka: paka akijinyoosha tu mkekani, kiganja kinamdaka mkia. Ndugu wakanishauri nikamwache sokoni kwa wauza samaki, eti kule hatakufa njaa. Nilikataa. Paka aliyelelewa ndani hatupwi kwa sababu mtoto ameanza kutambaa.

Nilianza na paka kwanza, watoto baadaye. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na akikosa pa kulala kwa amani huwa mkali. Fundi seremala wa mtaani akanipigilia ubao mpana juu ya kabati la vyombo, nikatandika kipande cha kanga kuukuu. Kidoti anaruka mezani, kisha kabatini, yuko kwake, mtoto hafiki. Bakuli lake nalo nikaliondoa njiani, likakaa nyuma ya mlango wa jiko. Akiwa juu, au akiwa anakula, haguswi na mtu yeyote, hata mimi. Haikuchukua muda akaanza kutulia, maana paka mwenye pa kukimbilia hana haja ya kutoa kucha.

Kwa watoto, umri ndio unaoamua. Wa miaka miwili hajui kwamba mwenzake anaumia, na kumkaripia "usimvute" hakusaidii kitu. Huyo nilimpakata, nikamfungua kiganja, nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukampapasa Kidoti pamoja taratibu kutoka shavuni hadi shingoni. Paka wengi hupenda kuguswa shavu, kidevu na nyuma ya masikio. Tumbo tuliliacha kabisa. Paka anayelala chali mbele yako amekuamini, lakini hajaomba umshike tumbo. Nami nikiwa na shughuli, siwaachi wawili hao peke yao chumba kimoja, hata kwa kitambo kidogo.

Mkubwa, wa miaka mitano, nilimfundisha kupiga hodi. Anachuchumaa, ananyoosha kidole usawa wa pua ya paka, anasubiri. Kidoti akinusa kisha akasugua shavu kwenye kidole, ameitikia karibu. Akigeuza uso, hodi haikujibiwa, na mtoto wa pwani anajua kwamba mgeni asiyeitikiwa huondoka bila kinyongo. Nilishangaa jinsi lilivyomwingia upesi. Mpaka leo wakija watoto wa jirani, yeye ndiye mwalimu wao: "Piga hodi kwanza!"

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni mkia. Watoto wamezoea mbwa anayetikisa mkia kwa furaha, wakadhani na paka ni hivyo hivyo. Niliketi na mkubwa barazani, tukamtazama Kidoti akiwa mapajani mwangu. Mwanzo alikuwa anakoroma kwa raha. Kisha ncha ya mkia ikaanza kucheza, ngozi ya mgongo ikatetema, mkia wote ukachapa huku na huku, masikio yakalala pembeni. Nikainua mikono, akashuka zake bila kumkwaruza mtu. "Mama, kumbe alikuwa anasema basi!" Tangu hapo mwanangu anausoma mkia kabla yangu.

Bibi yao naye akawasimulia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hiyo ya Mtume (S.A.W.) iliwagusa. Siku ya pili mkubwa akaomba kazi ya kumlisha Kidoti, nikampa. Anamwekea dagaa waliochemshwa bila chumvi, na sasa paka akisikia nyayo zake humfuata. Kucheza nako wanacheza kwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi kwenye fimbo, ili paka asizoee kuwinda vidole. Wakimaliza, fimbo inawekwa juu, kwa kuwa uzi akiumeza unaweza kumkata matumbo.

Kwa upande wa afya, daktari wa mifugo humpa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata. Mchanga wake wa choo tunauzoa kila siku, kwani vijidudu vya toksoplazma, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikishatoka na kinyesi huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Nilipokuwa mjamzito kazi hiyo aliifanya baba yao. Na mtoto akikwaruzwa au kung'atwa na paka, wetu au wa mtaani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, daktari aamue kama anahitaji sindano.